UZI: Ventileta bila muuguzi ni fanicha tu. Historia ya mashine ya kupumua ilivyotoka hospitalini ikaingia nyumbani

1/ Kila msimu wa siasa ukianza, afya inageuzwa hesabu ya vifaa. Huyu anasema tumenunua mashine, yule anajibu zimefungiwa stoo. Halafu kuna hoja moja ambayo huzuka kila mara bajeti ya hospitali inapobana: wagonjwa wanaokaa ICU muda mrefu warudishwe nyumbani na mashine zao, watunzwe huko, ni nafuu. Watu wanapiga makofi, mjadala unahamia barabara. Hiyo hoja si ya kipuuzi. Ina historia ya zaidi ya miaka 70, na ndani ya hiyo historia kuna majibu ambayo hatupewi jukwaani. Shuka nami.

2/ Sheria za uzi wangu mnazijua. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama, na ukileta kwenye komenti nitafuta. Pia mjue mimi nasomea sayansi ya siasa, si udaktari. Sitakushauri kuhusu matibabu ya mtu wako. Ninachofuatilia ni vitu vitatu tu: nani analipa, nani anafanya kazi, na nani anaachiwa mzigo kamera zikiondoka.

3/ Tuelewane kwanza mashine yenyewe inafanya nini. Mapafu hayajisukumi. Yanafunguliwa na misuli, hasa ule msuli mkubwa ulio chini yake. Neva au misuli ikishindwa, hewa haiingii hata kama mapafu ni mazima. Ventileta inaisukuma hewa ndani badala ya misuli. Hewa inaweza kupitia barakoa, au mrija wa mdomoni. Lakini mtu atakayeitegemea miezi au miaka mara nyingi hutobolewa tundu kooni na kuwekewa mrija hapo. Hiyo ndiyo trakeostomi.

4/ Shika jambo moja hapo, tutalihitaji mbele. Mrija wa kooni uko chini ya sehemu inayotoa sauti. Kwa hiyo wagonjwa wengi wa aina hii, wakiwemo watoto, wanaweza kulia usisikie kitu. Na makohozi ambayo wewe ungeyakohoa na kuyameza, yanakwama kwenye mrija hadi mtu ayanyonye kwa kifaa. Mtu. Asipokuwepo, mrija unaziba. Hatuzungumzii saa, tunazungumzia dakika.

5/ Historia sasa. Mwaka wa 1928 huko Boston, Marekani, Philip Drinker na Louis Shaw walitengeneza kile kilichoitwa mapafu ya chuma. Ni pipa kubwa la chuma: mgonjwa analazwa ndani, kichwa kinabaki nje, pampu inavuta hewa kutoka kwenye pipa na kuirudisha, kifua kinapanuka na kushuka. Adui wakati huo alikuwa polio. Pipa liliokoa wengi, lakini lilikuwa ghali, zito, na kumhudumia mgonjwa aliye ndani ilikuwa shida. Hospitali nyingi zilikuwa nayo machache, nyingine hazikuwa nayo kabisa.

6/ Twende Copenhagen, Denmark, 1952. Polio inavuma vibaya. Hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya Blegdam inapokea hadi wagonjwa 50 kwa siku. Ina pipa moja la chuma na vifaa sita vidogo vya kufungwa kifuani. Katika majuma matatu ya kwanza, wagonjwa 31 walihitaji kusaidiwa kupumua. 27 walikufa. Mkuu wa hospitali, Profesa Lassen, akakubali kumsikiliza daktari wa usingizi kutoka nje ya idara yake, Bjørn Ibsen.

7/ Ibsen alisema, mbona tusifanye kile tunachofanya kwenye chumba cha upasuaji? Tarehe 27 Agosti 1952 walimtoboa koo msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho, wakaweka mrija, wakaunganisha mfuko wa mpira, wakaanza kuubinya kwa mkono. Binya, achia. Binya, achia. Msichana akanusurika. Jibu likapatikana. Shida ikawa ni hii: mikono itatoka wapi? Mfuko haujibinyi, na mgonjwa anahitaji kubinyiwa mchana na usiku, wiki baada ya wiki.

8/ Wakaita wanafunzi. Wa udaktari kwanza, kisha wa meno. Kwa jumla inakadiriwa wanafunzi 1,500 walipita pale, wakibinya kwa zamu, saa zipatazo 165,000. Fikiria umri wangu na wako, umekaa kando ya kitanda saa nzima nzima, na pumzi ya mtoto iko kiganjani mwako. Walijifunza kumsoma mgonjwa machoni kwa sababu hawezi kusema. Waliwasomea watoto vitabu huku wakibinya. Waliokufa wakashuka kutoka karibu 9 katika kila 10 hadi chini ya nusu.

9/ Sitaki upite hapo haraka. Denmark haikuokolewa na kifaa kipya. Mfuko wa mpira ulikuwepo tayari. Tundu la koo lilijulikana zamani. Kilichobadilika ni kwamba kila mgonjwa alipata mtu mmoja aliyefundishwa, aliyekaa macho, na wauguzi walioendesha zamu zote hizo. Mwaka uliofuata Ibsen alianzisha wodi ya kuwaweka wagonjwa mahututi pamoja na wahudumu wao saa 24, na wengi huihesabu kuwa ICU ya kwanza. Kwa hivyo ICU ilianza kama mpango wa wafanyakazi. Vitanda na mashine zilifuata.

10/ Mwaka huo huo wa 1952, Marekani ilikuwa na visa karibu 58,000 vya polio. Wengi walipona, lakini kundi fulani lilibaki likitegemea mashine. Hawakuwa wagonjwa wa kufa kesho, wala hawakuwa wa kupona. Wangekaa wapi? Wakfu wa kitaifa wa polio, uliochangiwa na raia kwa senti kumi kumi, ulifadhili vituo maalumu vya kupumua, kama Rancho Los Amigos kule California. Vituo vilifanya kazi mbili: kumtunza mgonjwa, na kuifundisha familia jinsi ya kurudi naye nyumbani. Hapo ndipo hoja ya "nyumbani ni nafuu" ilianza kupigiwa hesabu.

11/ Na ilifanya kazi, kwa muda. Kulikuwa na pesa za kuwalipa wasaidizi wa nyumbani, kulikuwa na mafundi wa kutengeneza mashine. Kisha Aprili 1955 chanjo ya Salk ikatangazwa kuwa salama na yenye nguvu. Habari njema kabisa, na kwa sababu hiyo umma ukahamisha macho. Kufikia mwisho wa muongo huo wakfu ukageukia magonjwa mengine. Waliokuwa tayari kwenye mashine hawakuchanjwa wakasimama. Walibaki pale pale, na pesa zikapungua. Mradi unaotegemea huruma ya msimu huisha na msimu.

12/ Kuna mtu unapaswa kumjua: Ed Roberts. Alipata polio akiwa na miaka 14, mwaka wa 1953, akapooza kuanzia shingoni. Mwaka wa 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akawa analala kwenye pipa la chuma ndani ya hospitali ya chuo na kwenda darasani mchana. Mwaka wa 1972 yeye na wenzake walianzisha kituo cha kuishi kwa kujitegemea. Hoja yao: sisi si wagonjwa wa kufichwa, ni raia. Tupeni msaidizi tunayemchagua wenyewe, tutaishi kati yenu. Weka akilini, kwa sababu anayepinga huduma ya nyumbani lazima amjibu Roberts.

13/ Sasa tufike 1981, mahali ambapo sera nzima ilipinda. Katie Beckett, mtoto wa Cedar Rapids, Iowa, aliugua ubongo akiwa na miezi michache tu, akabaki kwenye ventileta. Karibu miaka mitatu ya maisha yake ilipita hospitalini. Madaktari walisema anaweza kwenda nyumbani. Kilichomfunga kilikuwa kanuni ya bima ya umma. Akiwa hospitalini, serikali inalipa. Akienda nyumbani, mapato ya wazazi yanahesabiwa, anaondolewa kwenye mpango. Na nyumbani ingegharimu kama sehemu moja ya sita ya hospitali! Yaani sheria ilikuwa inalipa zaidi ili mtoto asione kwao.

14/ Novemba 1981 rais wa wakati huo aliitaja kesi hiyo mbele ya wanahabari kama mfano wa urasimu wa ovyo. Desemba Katie alikuwa nyumbani. Mwaka wa 1982 bunge lao likaweka njia ya kisheria ili majimbo yaweze kuwalipia watoto wa aina yake wakiwa nyumbani bila kuangalia mshahara wa wazazi. Katie alikua, akamaliza chuo, akawa mtetezi wa walemavu, akafariki 2012 akiwa na miaka 34. Watoto wengi wakafuata mlango alioufungua. Vyama vyote vinapenda kuisimulia stori hii, kila kimoja kwa faida yake.

15/ Lakini wasimulizi hukatia pale mtoto anapofika mlangoni. Mimi nataka tuingie ndani ya nyumba. Nani anakaa naye usiku? Desemba 1982 daktari mkuu wa serikali ya Marekani aliitisha warsha Philadelphia, na mfano uliochaguliwa ulikuwa mtoto anayetegemea ventileta. Wakati huo mashine zilikuwa zimeanza kuwa ndogo, za kubebeka, zenye betri. Fundi alikuwa ameshafanya kazi yake. Kilichokuwa hakijafanyika ni kumwandaa muuguzi. Wauguzi wa nyumbani walizoea vidonda, sindano, wazee na akina mama waliojifungua. ICU ilikuwa nchi nyingine kwao.

16/ Basi ikabidi wajifunze, na somo ni refu. Kunyonya makohozi: mrija uingie kina gani, sekunde ngapi, rangi na uzito wa makohozi unakwambia nini. Kubadilisha mrija wa koo bila kupoteza njia ya hewa. Kuweka unyevu kwenye hewa, kwa sababu pua inayofanya kazi hiyo imerukwa. Kuangalia ngozi ya shingo. Kando ya kitanda lazima kuwe na mrija wa akiba wa saizi ileile na mwingine mdogo kidogo, ule wa kwanza ukikataa kuingia. Hizo akiba zinasafiri na mgonjwa hata akienda tu uani.

17/ Kisha kengele. Ventileta ina kengele za aina mbili ambazo muuguzi lazima azitofautishe usingizini. Shinikizo likipanda: pengine makohozi yameziba, mrija umejikunja, mgonjwa anakohoa. Likishuka: kuna mahali pamechomoka, hewa inavuja. Kanuni ya kwanza anayofundishwa ni kumwangalia mgonjwa kabla ya kuiangalia mashine. Ya pili: usipopata tatizo haraka, mtoe kwenye mashine, chukua mfuko wa mkono, binya. Umeona? Baada ya teknolojia yote hiyo, dharura inamrudisha muuguzi kwenye kazi ya wale wanafunzi wa Copenhagen.

18/ Na kuna tofauti moja ambayo kitabu hakiwezi kuifuta. Hospitalini kengele ikilia, watu wanakuja mbio: muuguzi mwenzako, daktari, mtaalamu wa kupumua. Nyumbani unayekuja mbio ni wewe. Kwa hiyo mafunzo mazuri huwaweka wauguzi mbele ya mwanasesere anayepumua kwa mashine, mwalimu anachomoa mrija kimakusudi, na wewe unahesabiwa muda. Unarudia hadi mikono ijue kabla ya kichwa. Mwanagenzi hupangiwa zamu na mzoefu kabla ya kuachwa peke yake. Hayo yote yanalipiwa, au yanarukwa.

19/ Binti ya shangazi yangu ni muuguzi huko Marekani, anafanya hii kazi usiku. Nilimwuliza kwa simu anafanya nini saa kumi na mbili zote hizo kama mtoto amelala. Akacheka. Akasema: "Namtazama. Hiyo ndiyo kazi." Anasema kifua kinapopanda tofauti kidogo anajua kabla mashine haijajua. Na anasema mama wa mtoto huja mlangoni saa tisa ya usiku, anachungulia, anarudi kulala. Usiku ambao muuguzi hakutokea, mama huyo halali, na asubuhi anaenda kazini.

20/ Hilo la muuguzi kutotokea si la familia moja. Mwaka wa 2016 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilitoa mwongozo kwa watoto wa aina hii: mtunzaji aliyefunzwa na aliye macho awepo wakati wote, na angalau watu wawili wa familia wafunzwe. Soma tena: wakati wote. Siku ina saa 24, juma lina siku saba, zamu ni za saa nane au 12, kuna ugonjwa na likizo. Mgonjwa mmoja anahitaji kikosi. Ndiyo maana hata katika nchi tajiri kiasi kile kuna watoto waliokwisha ruhusiwa na daktari lakini wanabaki hospitalini, kwa kuwa wauguzi wa nyumbani hawapatikani. Malipo ya kazi ya nyumbani mara nyingi huwa chini ya yale ya hospitali, kwa hivyo wanaondoka.

21/ Na pengo hilo linazibwa na nani? Sehemu yake, na sisi. Kuna Wakenya wengi kwenye uuguzi Marekani. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya huko. Simlaumu anayeenda hata kidogo. Amesoma miaka mitatu au minne, amekaa nyumbani bila ajira, ana ndugu wa kulipiwa karo. Lakini mwanasiasa akisimama kusema tutapeleka wagonjwa nyumbani na kesho yake akasema tutapeleka wauguzi ng'ambo, tuwe na ujasiri wa kuziweka hizo sentensi mbili kwenye karatasi moja.

22/ Tuje kwetu sasa. 2015 serikali ilianza mpango wa kukodi vifaa vya hospitali kwa ajili ya kaunti, vikiwemo vya ICU. Uchunguzi wa Seneti wa 2020 ulikuta baadhi ya vifaa vimekaa tu: hakuna wataalamu, mahali pengine hakuna hata maji au stima ya kutosha. 2017 wauguzi waligoma takriban miezi mitano. Machi 2020 korona ikaingia, tukagundua nchi nzima ina vitanda vya ICU 500 na kitu na ventileta 250 na kitu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wakaunda ventileta, tukafurahi, kwa haki kabisa. Swali la nani atazikalia hizo mashine liliulizwa kwa sauti ndogo.

23/ Muuguzi wa wagonjwa mahututi haokotwi. Anakuwa muuguzi kwanza, kisha anarudi darasani kwa mafunzo ya ziada. Wachache waliopo wanahitajika ICU hizo hizo zinazolemewa. Ukimtoa mmoja aende nyumba kwa nyumba, umefungua pengo wodini. Kwa hiyo huduma ya ventileta nyumbani haipunguzi hitaji la wauguzi, inalisambaza. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: wanahesabu kitanda kilichoachwa wazi, hawahesabu zamu zilizozaliwa upande wa pili.

24/ Halafu nyumba yenyewe. Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na haikuwa mara ya mwisho mwaka huo. Mimi na wewe tulilalamika kuhusu simu na friji. Mtu wa ventileta anahesabu betri: ya mashine, ya kifaa cha kunyonya, kisha nini? Anahitaji akiba ya stima, ikiwezekana mashine ya pili, maji safi, chumba kisicho na moshi, na barabara ambayo ambulensi inaweza kupita mvua ikinyesha. Sasa niambie, hiyo ni sera ya afya peke yake? Ni ya kawi, ya nyumba na ya barabara pia. Mtu wa Kilimani na mtu wa Kakuma hawapewi huduma moja kwa kuandikiwa waraka mmoja.

25/ "Ni nafuu." Kwa nani? Hesabu ya sehemu moja ya sita ya 1981 iliwezekana kwa sababu ndani ya nyumba kulikuwa na mzazi ambaye kazi yake haikuandikwa popote. Kwetu itakuwa mama, dada mkubwa, au mjomba aliyeacha biashara. Gharama haijapungua, imetoka kwenye vitabu vya hospitali ikaingia jikoni kwa mtu. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kununua mashine ni ule mwanzo wenye picha na utepe. Kulea ndiko kunakokosa bajeti.

26/ Lakini tusiishie kusema basi waache hospitalini. Hapo Ed Roberts anatungoja. Kuna mtoto anayekua akijua dari la wodi kuliko uso wa dadake. Kuna mtu mzima mwenye akili timamu ambaye misuli yake tu ndiyo imegoma. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na cha 54 kinawataja watu wenye ulemavu na heshima yao. Kumfungia mtu ICU kwa sababu serikali haijapanga huduma ya nyumbani si usalama. Ni kukosa mpango kwa bei ghali.

27/ Mtu ataniambia: si tuna wahamasishaji wa afya ya jamii? Ndiyo, zaidi ya 100,000 walizinduliwa 2023, na wanafanya kazi kubwa ya kupima presha na sukari na kujua nani mjamzito. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti. Huyu si wa kukesha na ventileta, na kumpa jukumu hilo ni kumwonea yeye na mgonjwa. Anaweza kuwa jicho la kijiji: kutambua familia iliyochoka, kupiga simu mapema. Muuguzi anabaki kuwa muuguzi.

28/ Kwa hivyo siku utakaposikia hii hoja mkutanoni au redioni, usizomee na usipige makofi. Uliza haya:
• Hazina ipi ya SHA italipa? Tunakatwa asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024, na sheria imetaja hazina ya dharura, magonjwa sugu na mahututi. Je, muuguzi wa nyumbani yumo kwenye ada zake?
• Kwa mgonjwa mmoja, mmepanga wauguzi wangapi na zamu ngapi?
• Nani atawafunza, wapi, kabla ya mgonjwa wa kwanza kutoka?

29/ Endelea:
• Stima ikipotea saa nane ya usiku, familia inampigia nani, na anafika kwa muda gani?
• Mlezi wa familia atapumzishwa lini, na atalipwa nini?
• Pesa za mfadhili zikiisha, kama zile za polio baada ya 1955, sheria gani inambakiza mgonjwa kwenye huduma?
• Mgonjwa akikataa kwenda nyumbani, au akitaka kwenda na ninyi hamtaki, neno la mwisho ni la nani?
Akijibu mawili kati ya hayo kwa takwimu, msikilize. Akikujibu kwa idadi ya mashine, umeshajua amekomea wapi.

30/ Msimamo wangu, maana mtauliza. Naunga mkono huduma ya ventileta nyumbani, ianze ndogo: hospitali chache za rufaa, kila moja na kikosi chake cha wauguzi waliofunzwa na kulipwa vizuri, wagonjwa wachache walio karibu, akiba ya stima iwekwe kabla ya mgonjwa kufika. Ikue kwa kasi ya wauguzi, si kwa kasi ya manunuzi. Itakuwa polepole na haitapendeza kwenye bango. Ila mgonjwa wa kwanza atakuwa na mtu macho kando yake.

31/ Wauguzi mlio humu, hasa wa ICU na mliofanya kazi majumbani, mnasahihisha na kuongeza hapo chini. Nyinyi mnayajua haya kwa mikono. Walezi wa wagonjwa pia, tuambieni usiku wenu unakwendaje. Wengine, mpelekee uzi huu yule rafiki yako anayependa kusema "si wanunue tu mashine." Wiki ijayo: kwa nini pesa za kaunti huchelewa, na nani hasa anazichelewesha kisheria. Mwisho.